Macho ya Nyuma ya Lori la Jamnadas

Jumatatu, 4 Novemba 1957. Kibeta, Bukoba.

Mastura bado yuko Muleba kwa baba yake. Nimekula ndizi za jana, baridi, nimesimama. Mwanamume mwenye mke anakula amesimama!

Naandika ilivyokuwa ili haki ionekane. Juzi tulikuwa ukweni Muleba, tunafunga safari ya kurudi. Nikatia gia ya rivasi. Mastura alikuwa ameliweka sanduku lake la vyombo nyuma ya lori, vikombe vyote vya harusi vikiwa ndani, naye ameinama analifunga kamba. Yeye aliruka. Sanduku halikuruka. Nikatoa kichwa dirishani na kueleza vizuri kabisa kwamba lori halina macho nyuma, kwa hiyo lawama ni ya waliolitengeneza. Alikusanya vigae kwenye kanga, akaingia ndani kwa mama yake, na mimi nikarudi Bukoba peke yangu.

Leo baba mkwe, mzee Byabato, ametuma ujumbe kupitia Rugaibula. Huyu ni dereva wa lori la pili la tajiri wetu Jamnadas, na hupita Muleba kuchukua kahawa. Ujumbe: niende Ijumaa jioni na maneno ya maana. Nisipokuwa nayo, binti yake atabaki kwao.

Rugaibula alinieleza huku anatabasamu. Nikamuuliza anacheka nini. Akasema hacheki, ila yeye akitaka kurudi nyuma hushuka kwanza, akatazama, ndipo akapanda tena. Ushamba mtupu. Dereva wa kushuka na kupanda, si bora awe kuku?

Nimewaza jioni yote. Maneno ya maana ni yapi kuliko taa? Nitafunga taa mbili nyuma, ziwake zenyewe nikitia rivasi. Byabato akiziona ataniomba radhi yeye.

Jumanne, 5 Novemba

Nyuma ya duka la Jamnadas kuna motakaa iliyokufa zamani. Mama Damayanti, mke wa tajiri, hufugia kuku humo. Nimeng'oa taa zake mbili na swichi ya mlango. Kuku mmoja alikuwa anaatamia chini ya usukani. Mkono wangu umevimba.

Jamnadas alinikuta chini ya lori. Akasema lori hili ni la kahawa, si la harusi, na nisiguse nyaya zake. Sikugusa hata moja. Nimeongeza zangu, nyekundu zote, kwa sababu dukani hakukuwa na rangi nyingine.

Swichi nimeikaza sakafuni, mahali ambapo mkono wa gia huiminya ukirudi rivasi. Akili hiyo! Taa nimezipigilia misumari ya skrubu nyuma kwenye bodi. Nikatia gia, nikakimbia nyuma kutazama.

Giza.

Jumatano, 6 Novemba

Asubuhi yote natafuta ugonjwa. Nikaitoa taa, nikaigusisha kwenye betri: inawaka. Nikapima waya: mzima. Swichi: nzima. Nikavirudisha vyote mahali pake: kimya. Kila mmoja ni mzima peke yake, wakikutana wanagoma. Kama ukoo wa mke wangu.

Adhuhuri nikakasirika, nikatupa spana. Ikaangukia kati ya taa na chuma cha chasisi. Cheche! Na taa ikawaka. Ndipo nikaelewa: bodi la lori ni la mbao. Umeme ulifika kwenye taa ukakosa njia ya kurudi. Nimefunga waya mwingine kutoka taa hadi kwenye chuma, nyekundu pia. Rugaibula alipouliza nimegunduaje, nilimwambia kwa hesabu.

Nyaya zilikuwa zinaning'inia ovyo, nikazipanga upya zipendeze. Kosa. Sasa nikitia rivasi, honi inalia. Nikipiga honi, taa zinawaka. Jamnadas ametoka dukani na kikombe cha chai kumwona anayekufa.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimepeleka kahawa bandarini. Nilirudi nyuma hadi ghalani na honi inalia mfululizo. Wachukuzi wameniita Bwana Harusi. Sikufurahi. Kesho ni Ijumaa, na mimi nawaza nyumba isiyo na sauti ya mtu.

Jioni nikafuata waya mmoja mmoja kwa vidole. Nilioutambua nikaufunga uzi wa mgomba, usiofungwa ni adui. Honi imerudi kwake, taa zimerudi kwake. Nikatia rivasi: mwanga! Nikatoa rivasi: mwanga bado. Springi ya swichi imechoka, ikiminywa hairudi.

Rugaibula akasema niing'oe, na tena niangalie, mvua zimenyesha na senene wameanza kuruka. Sikuona panzi wa kukaangwa wanahusiana vipi na umeme. Nikamwambia wivu haujengi. Taa inayowaka daima ni bora kuliko isiyowaka kabisa.

Ijumaa, 8 Novemba. Muleba.

Nimeingia ukweni magharibi, kinyumenyume, taa zinawaka, ili wazione kwanza. Mzee Byabato alikuwa ameketi mlangoni, kanzu safi, kiti changu kiko mbele yake. Mastura amesimama karibu na mama yake. Nikazima injini. Nikashuka. Nikasema kwa heshima ya Kihaya, Waitu, nimekuja na maneno yangu.

Hapo senene wakashuka.

Si wachache. Wingu zima la Muleba lilizifuata taa zangu. Majirani wakaja mbio na vikapu, masufuria, hata fulana. Mama mkwe akapanda juu ya lori. Byabato mwenyewe akaacha kiti, akakunja kanzu, akaanza kuokota. Mastura alijaza kanga akicheka, na kicheko chake sikuwa nimekisikia tangu Jumamosi. Nilisimama katikati kama chifu. Watu walinisifu kwa jina.

Kisha taa zikawa njano, zikawa nyekundu, zikazimika. Betri imekufa.

Byabato akarudi kitini akipangusa mikono. Alikuwa na furaha. Akasema haya, mkwe wangu, sasa sema, mwenzio anasikiliza. Nikamweleza yote: mbao, chasisi, waya wa kurudi, uzi wa mgomba. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama nimemaliza. Nikasema bado springi. Akainuka, akaingia ndani. Mastura alikuwa ameshaingia.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimelala lorini na senene waliobaki. Asubuhi nikazungusha hendeli ya kuwashia injini, ikanirudi kwenye kiwiko. Rugaibula akafika kuchukua kahawa. Akashuka, akatazama, akapanda, akarudi nyuma katikati ya mikeka ya kahawa bila kugusa punje. Byabato akasema kwa sauti kwamba huyo ni dereva.

Mastura akatoka na furushi moja. Akasema anarudi Bukoba. Nikamfungulia mlango wa lori langu. Akapanda la Rugaibula. Mimi nikavutwa nyuma yao kwa mnyororo mpaka injini ikawaka, nikila vumbi lao.

Jumapili, 10 Novemba. Kibeta.

Mastura amezungumza. Ameniwekea chai, akakaa mbele yangu. Amesema hakuondoka kwa ajili ya vikombe. Gurudumu lilimgusa kanga, na mimi nikatoa kichwa nikazungumzia waliotengeneza lori. Alingoja nishuke nimwambie pole. Ijumaa baba yake naye alikuwa anangoja neno hilo hilo. Amesema nusu ya nguo zake ameziacha Muleba, mpaka aone. Alisema taratibu, na macho yake yalikuwa na machozi.

Iliniuma. Nimekaa nje nikifikiri kwa dhati, na nimeelewa.

Jikoni mna giza. Mwanamke akikaa gizani huwaza mengi. Jamnadas ameweka betri mpya, swichi nimeitia springi ya kalamu, na leo lori liko hapa nyumbani. Nitamwangazia dirisha la jiko, aone kwamba namjali. Taa ziko nyuma, kwa hiyo nitaliingiza kinyumenyume mpaka ukutani. Yeye yumo ndani anaosha vyombo, mlango uko wazi. Sina haja ya kushuka kutazama. Sasa nina taa.