Kanuni ya Sita: Mganga Asiwe Mama Mkwe

Kasenga, Uvira
Tarehe 9 Oktoba 2002

Kwa Mhariri wa kipindi cha "Afya kwa Njia ya Asili"

Ndugu Mhariri,

Amani ya Bwana iwe nawe, na ikibaki hata kidogo utuletee huku Kasenga.

Mimi naitwa Révérien Nizigiyimana, mkulima wa mihogo wa bonde la Ruzizi ambaye vita vilimleta mjini, kwa sasa mpangaji nyuma ya duka la chumvi. Ni msikilizaji wako mwaminifu. Nasema mwaminifu kwa sababu mawe ya redio, yaani betri, yakiisha nguvu huwa nayaanika juani ili yaamke, na Jumatano, siku ya kipindi chako, hayajawahi kuniangusha.

Ninakuandikia kwa heshima na kwa hasira. Heshima ni yako, hasira ni ya mgongo wangu.

Mwezi wa Mei niliinama kuokota kifuniko cha sufuria, na sijainuka hadi leo. Sikubeba gunia, sikuanguka, sikupigwa na mtu. Kifuniko, Ndugu Mhariri, tena cha sufuria ndogo. Tangu siku hiyo natembea nikitazama chini kama mtu aliyeangusha sindano, na majirani wema wameshanisaidia kuitafuta mara tatu.

Katika mji wenye amani jambo hili lingekuwa la kuchekesha. Kwetu hapa, mtu asiyeweza kukimbia ni mzigo. Tangu Mei tumekimbia risasi mara tatu, na mara zote mke wangu Libérate alinisukuma kwenye toroli. Mara ya kwanza tulifika Kavimvira. Mara ya pili tulifika Kalundu. Mara ya tatu, kwa kuwa hakuna aliyejua risasi zinatoka upande gani, tulizunguka kanisa mara mbili tukarudi nyumbani. Siku hiyo Libérate aliniambia kwa sauti ya upole iliyonitisha kuliko zile risasi: "Papa Délice, toroli iko moja tu. Mara ingine ni weye ao ni mashini ya kushona." Délice ni binti yetu mkubwa, na cherehani ndiyo inayomlisha yeye na wadogo zake. Nimelipima jambo hili kwa haki, nikaona kwamba hata mimi ningechukua cherehani.

Kwa hiyo ulipotangaza kanuni zako tano za kumchagua mganga wa tiba asili, niliziandika zote nyuma ya kalenda ya parokia, na nikazifuata kuliko ninavyofuata zile amri kumi. Nilitaka kupona kabla ya mbio za nne. Yaliyonipata ni haya.

1. Ulisema: mwombe mganga akuoneshe cheti chake. Nilisukumwa hadi Kalundu kwa bwana Sévère. Cheti kilikuwepo, ndani ya fremu, kina muhuri na sahihi mbili. Mtu aliyeinama kama mimi hawezi kusoma kitu kilichotundikwa ukutani, basi niliheshimu muhuri nikaanza dawa. Wiki mbili nilikunywa mizizi michungu ya kumtoa mtu machozi kwa dhambi za babu yake. Siku ya kumi na tano akanilaza chali juu ya meza, magoti yakitazama dari, na kwa mara ya kwanza nikaonana na kile cheti uso kwa uso. Kilimruhusu bwana Sévère kutengeneza injini za boti.

Nilipomuuliza hakuona haya hata kidogo. "Minye sikukudanganya, papa. Motere na mugongo ni kitu kimoja, vyote vinataka mafuta." Akanipaka mafuta ya injini toka shingoni hadi kiunoni. Nikamkumbusha kwamba nilikuja kwa tiba ya asili. Akaniambia mafuta hayo yanatoka ndani ya udongo, na kama ninajua kitu cha asili kuliko udongo nimtajie. Mbu hawakunikaribia mwezi mzima. Libérate vilevile.

2. Ulisema: waulize watu aliowaponya. Bwana Frédéric, mganga wa majani hapa hapa Kasenga, ana daftari zima la majina ya waliopona. Nikaomba nionane na mmoja tu. Ikawa wote wamekimbia, wengine Burundi, wengine ng'ambo ya ziwa. Frédéric akaniambia hiyo ndiyo shahada yenyewe: "Bote balifika hapa banabebwa. Balitoka hapa mbio."

Nilirudi nyumbani nikalitafakari neno hilo. Kwa hesabu hiyo, mganga mkuu wa ukanda huu wote ni yule anayefyatua risasi ya kwanza. Nikaanza kuulizia kwa adabu yeye ni nani, anakaa wapi, na anapokea wagonjwa siku gani. Watu walinikimbia, na baadhi yao, nakiri, walikimbia vizuri sana kwa watu niliokuwa nawajua kama wagonjwa.

3. Ulisema: chagua anayesikiliza. Mzee Nkusi wa Rurambo, mfugaji na mganga wa huko juu milimani, husifiwa kwa kusikiliza. Mimi siwezi kupanda mlima, kwa hiyo nilimngoja aliposhuka sokoni. Nilimweleza toka asubuhi hadi mchana, toka kifuniko hadi mafuta ya injini, naye hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akanifunua midomo akatazama meno, akaninyanyua mguu mmoja, akanigonga mbavu, akazunguka nyuma akakaa huko muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda. Kisha akasema: "Kama ungekuwa ng'ombe, ningeambia mwenyewe akuuzishe kabla haujakonda."

Katika waganga wote huyu ndiye aliyesema kweli, na ndiye niliyemkasirikia zaidi.

Niongeze hapa kwamba Sévère alinikataza maziwa, Frédéric alinikataza chumvi, samaki na kukaa, na Mzee Nkusi alinikataza kila kitu isipokuwa maziwa. Niliwatii wote watatu kwa wiki moja. Nilikuwa nakula ugali mtupu huku nimesimama, na kusimama kwenyewe siwezi.

4. Ulisema: chagua mganga anayejua mipaka yake, ambaye akishindwa atakutuma kwa anayeweza. Hapa nawapa haki yao. Wote watatu walishindwa, wote walikiri, na wote walinituma kwa mtu mmoja yule yule. Sévère alisema ni yule mama wa karibu na kisima. Frédéric alisema ni yule mama. Mzee Nkusi alisema yule mama aliwahi kumkanda bega lake, na siku hiyo hiyo akamkanda na ndama.

Nikampima kwa kanuni zako moja baada ya nyingine. Cheti anacho, cha ukunga, miaka ishirini na sita katika kituo cha afya cha masista. Aliowaponya wapo, nusu ya mtaa, na nusu hiyo alianza kwa kuipokea ikizaliwa. Anasikiliza. Na likimzidi hukutuma hospitali bila kuona aibu. Ndugu Mhariri, kanuni zako ni nzuri. Zimenifikisha moja kwa moja kwenye mlango wa mama mkwe wangu.

5. Ulisema: mwisho, jiulize kama unajisikia huru mikononi mwake.

Hapa ndipo uliponiua. Kwetu, mkwe wa kiume hali chakula mbele ya mama mkwe. Jina lake halitamki, na ndiyo maana halimo katika barua hii. Akikutana naye njiani anaingia majanini mpaka apite. Nina miaka kumi na tisa katika ndoa na mama huyo hajawahi kuona hata kisigino changu. Alipokuja kumpokea Délice akizaliwa, mimi nilikaa juu ya paa nikijifanya naziba matundu, siku mbili. Sasa nimeulizia, kwa kupitia mtu wa tatu, matibabu yake yanakuwaje. Nimejibiwa kwamba yanaanzia pale mkanda wa suruali unapoishia, na yanateremka.

Ndugu Mhariri, afadhali toroli. Na toroli, kama nilivyokueleza, ina mwenyewe.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo, na usinione mkorofi.

Kwanza, uongeze kanuni ya sita: mganga asiwe mama mkwe wa mgonjwa. Ingekuwepo toka mwanzo, ningejua mapema kwamba sina tumaini, na mtu asiye na tumaini hapakwi mafuta ya injini.

Pili, kama kanuni haziongezwi, basi utangaze redioni, mara tu baada ya matangazo ya vifo, kwamba kila Jumanne na Ijumaa toka saa tatu hadi saa nne asubuhi ndoa yangu na Libérate imesimama. Katika saa hiyo yule mama atakuwa mganga tu na mimi mgonjwa tu, na saa nne na dakika moja kila mtu arudie heshima yake. Nilimpelekea padri wazo hili. Aliniuliza kama nimekula.

Tatu, kama hilo nalo ni zito, basi waombe wenye vita waahirishe shambulio linalofuata. Sema nao wote, wa milimani, wa bondeni, na wale wa upande wa tatu na wa nne, maana hesabu yao imenipotea. Waambie kuna mtu Kasenga mgongo wake haujawa tayari. Sihitaji zaidi ya wiki tatu. Wamewahi kungoja mvua ipite, na mvua haina watoto watano.

Naamini utalipokea ombi langu kama mtu mwenye mgongo. Unisalimie mafundi wote wa redio, yule dada mwenye sauti ya matangazo ya vifo ambaye humfanya mtu atamani kutajwa, mlinzi wa getini, na jenereta. Libérate anakusalimu, amesema nimalize haraka nimpishe meza.

Wako katika unyenyekevu, ambao kwa hali yangu hauepukiki,

Révérien Nizigiyimana

N.B. Naongeza haya nikiwa Kalundu, siku sita baadaye. Barua ilikuwa tayari katika bahasha Jumapili asubuhi risasi zilipoanza milimani. Libérate alinitazama, akaitazama cherehani. Alilia, lazima niliseme hilo, alilia kweli. Kisha akapakia cherehani, akawashika watoto, akaniambia anarudi kunichukua. Majirani walikuwa wamekwisha kwenda. Nikabaki mlangoni nimeinama, na kwa mara ya kwanza tangu Mei niliogopa bila kutafuta la kuchekesha.

Ndipo nikaona miguu ya mtu, maana ndiyo ninayoweza kuona. Nikaitambua. Nikajaribu kuingia majanini kama inavyopasa, ila majani hayakuwepo na mgongo haukukubali. Yeye akanipa mgongo wake, akachuchumaa, akafungua kitenge. "Panda." Nikamwambia, mama, haifai, mimi ni mkwe wako. Akasema bila kugeuka: "Masasi haiulizake nani iko mukwe ya nani. Panda."

Ana miaka sitini na mbili, Ndugu Mhariri. Alinifunga kitenge kama mtoto, akaondoka nami, vidole vya miguu yangu vikiburuta vumbi. Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari waliteremsha kamba bila kuomba karatasi, na mmoja wao akavua kofia, sijui kwa sababu gani. Kabla ya daraja la Mulongwe aliruka mtaro, na kitu kikalia kwaa! Akasimama. "Ile iko mugongo yangu ao yako?" Nikasema ni wangu. "Inauma?" Nikasema inauma sana.

Niliongopa. Nilikuwa nimepona pale pale. Ningeweza kushuka nikakimbia kuliko watu wote wa Frédéric. Lakini mama yangu mzazi alifariki nikiwa na miaka minne, na toka siku hiyo hakuna mtu aliyenibeba mgongoni. Nikalaza shavu, nikabebwa hadi Kalundu.

Alinishusha kando ya ziwa, akapumua, akaanza kukunja kitenge chake. "Ulipona ku mutaro," akasema. "Nilisikia. Minye nilizalisha batoto ya muji muzima, weye utanificha mufupa?" Nikamuuliza, kichwa chini, na safari hii kwa hiari yangu, kwa nini basi hakunishusha. Akasema aliyembeba mgongoni ni mtoto wake, na mtoto hashushwi njiani. Kisha akanipa muhogo, nikaula mbele yake.

Kwa hiyo futa malalamiko yote matano. Kanuni ya sita ifute, na ile ya tano iache kama ilivyo, ni ya kweli. Tangazo la kusimamisha ndoa lifute haraka, Libérate asilisikie, kwa kuwa amekwisha kunipata na toroli sasa naisukuma mimi.

Lile ombi kwa wenye vita usilifute. Waambie bado naumwa.