Mtungi Usiooshwa

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mkurugenzi ametuita wawili, mimi na Bi Kanuni. Maabara imebaki na nafasi ya mtafiti mmoja tu. Jumatano ya wiki ijayo kuna kikao, na atakayeonyesha zeolaiti mpya ndiye atakayebaki. Mwingine, akasema, tutamtakia heri. Alinitazama mimi aliposema heri!

Miaka tisa napika zeolaiti. Ni jiwe lenye vitundu vidogo mno, molekuli zinaingia humo kwa zamu na kutoka zimegeuzwa kitu kingine. Hayo ni ya wengine. Mimi nikifungua mtungi wa kupikia nakuta uji. Miaka tisa ya uji!

Shemeji, kaka wa mke wangu, ana kiwanda cha sabuni. Ametuma salamu kwamba milango iko wazi. Mke wangu anasema kaka yake ana moyo mzuri. Moyo mzuri wapi, anataka kuniona nimevaa aproni yenye jina lake.

Jumanne, tarehe 4

Nimewaza sana. Je, Bi Kanuni ana akili kunizidi? Hapana. Ana mtungi! Kila akipikia kwenye ule wa chuma wenye mkwaruzo kifunikoni, zinatoka fuwele zinazometa. Leo ameutoa kwenye oveni, ameusuuza na kuuweka chini ya meza yake. Juu amebandika karatasi: USITUMIE. BADO KULOWEKWA. Nani anaandika "usitumie" kwenye kitu kisicho na faida?

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Saa ya chai, nikainama. Kikombe cha ndani kilikuwa na utando mweupe. Sheria ya maabara inasema kilowekwe kwenye magadi makali mpaka kesho yake. Na bahati nayo imwagwe na magadi? Sikuosha. Nikamimina mchanganyiko wangu, nikakaza kifuniko, nikauingiza kwenye oveni. Siku tano, nyuzi mia moja na sabini. Mtungi wangu nikamwachia pale pale, na karatasi nikaibandika vizuri. Mimi si mwizi.

Ijumaa, tarehe 7

Bi Kanuni amenirudishia mtungi wangu, ameuloweka mpaka umetakata. Akaniomba radhi, akidhani yeye ndiye aliyeubeba kwa makosa! Nikamsamehe.

Wa kwake hauonekani. Nikamwambia pole, tukautafuta pamoja mpaka makabatini. Oveni hatukufungua, nilimwambia humo mna kazi yangu. Akanisimulia shida yake: ile zeolaiti mpya aliyoipata imekataliwa na wakaguzi wa jarida la sayansi, kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyewahi kuipika. Nilihuzunika. Kidogo.

Jumapili, tarehe 9

FUWELE! Nyeupe, kavu, zinameta! Nimemkumbatia mlinzi wa getini. Mke wangu amelia kwa furaha. Nimempigia shemeji, nikamwambia ile milango aifunge, upepo usije ukaharibu sabuni.

Jumatano, tarehe 12

Sitaki kuandika. Naandika.

Fundi wa eksirei alionyesha ukutani picha ya fuwele zangu, mistari mirefu na mifupi. Makofi! Kisha akaomba kuweka picha nyingine juu yake. Mistari ikalaliana sawasawa. Ni ile ile ya Bi Kanuni!

Mkurugenzi akaomba kuuona mtungi. Nikautoa nikisema ni wangu. Bi Kanuni akagusa ule mkwaruzo, akacheka mpaka akakaa. Akaeleza kwamba punje za fuwele zake zilizobaki kwenye kikombe ndizo zilizozaa zangu, kama donge la jana linavyoumua unga wa leo. Bila kujua, nimeipika zeolaiti yake kwa mikono yangu. Wakaguzi wamepata mtu wa pili. Mkurugenzi akasema, kama huyu ameweza, basi yeyote ataweza. Nafasi akapewa Bi Kanuni.

Siku za mwizi arobaini. Mimi nilipewa nane.

Nililia chooni. Miaka tisa, na fuwele zangu za kwanza ni za mtu.

Ijumaa, tarehe 14

Bi Kanuni ameomba nisiondolewe. Amesema anahitaji mtu wa kuosha na kuloweka mitungi, na kwamba mikono yangu si mibaya. Hofu hiyo, ananiogopa! Mke wangu ameniamuru nishukuru. Nimeshukuru, kwa ufupi.

Mchana nimetumwa kupangusa vumbi ofisini kwa mkurugenzi. Kwenye kabati la kioo kuna mtungi mkongwe, ule aliopikia zeolaiti iliyompatia jina. Nimechungulia ndani. Utando mweupe! Miaka ishirini haujaoshwa!

Kesho ni Jumamosi, ofisini hakuna mtu. Nimeshaandaa mfuko. Kosa langu la mara ya kwanza nimelijua, lilikuwa ule mkwaruzo. Huu nimeugeuza pande zote, hauna alama hata moja.