Hela za Bati na Farasi Aitwaye Radi

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu kanipa hela za bati. Lililo juu ya kitanda limetoboka, mvua ziko mlangoni. Asante Mungu kwa mke anayeniamini! Lakini kwa nini bati moja, wakati Radi yupo? Radi ni farasi wa mbio kubwa za Novemba. Duka la kubeti la kwanza linalipa mara kumi na mbili. Nyumba nzima ingeezekwa! Sikuweka. Mjinga ndiye anayenunua kwenye duka la kwanza.

Jumanne, 4 Machi
Nimefunga cherehani mapema. Duka la pili: mara kumi na nne. La tatu, nyuma ya kituo cha mafuta: kumi na sita! Nikamwomba dada wa dirishani ishirini. Akasema farasi si nyanya, hapatani bei na mtu. Nikaondoka polepole ili aniite. Hakuniita.

Jumatano, 5 Machi
Shemeji, kaka wa mke wangu, kaniona nikiingia na kutoka madukani. Ni fundi magari, na umbea anauweza kuliko gia. Kaniuliza kuna nini. Nikasema sina habari zozote za Radi. Nikamkonyeza. Sijui kwa nini nilimkonyeza!

Alhamisi, 6 Machi
Gereji nzima imembetia Radi. Wengi wakimwekea hela, malipo hushuka: sasa analipa mara tano, kila duka! Dada wa dirishani kasema anayeulizia farasi mmoja kila mahali lazima anajua kitu. Najua nini mimi? Nimependa jina tu! Mara tano ni wizi wa mchana kweupe. Nimerudi na hela mfukoni, nimenuna.

Ijumaa, 7 Machi
Radi kavunjika mguu mazoezini! Hatakimbia, na waliobeti hawarudishiwi kitu. Nimepiga magoti kati ya vitambaa. Asante Mungu! Asante dada wa dirishani! Asante hata wewe shemeji, uliyeniharibia bei! Nimekimbia kununua bati kabla akili haijanigeuka.

Jumapili, 9 Machi
Mvua tangu alfajiri, kitanda kikavu. Mke wangu kanikumbatia, kasema sasa nimekuwa mtu mzima. Machozi yalinitoka, sina la kuficha. Kisha, kwa kunishukuru, kanikabidhi hela za mlango mpya.

Shemeji hanisalimii. Maskini, namhitaji sana. Maana nimewaza: farasi ninayemuulizia bei yake inashuka, basi bei za wengine lazima zipande. Kesho nitamsifia farasi nisiyemtaka, kwa sauti, pale pale gereji. Nitakonyeza kwa macho yote mawili. Mlango utasubiri, wezi wa mtaa huu ni watu wastaarabu.