Kodi Kikatili, Farasi Mia Mbili

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Shemeji amerudi. Mdogo wake mke wangu, yule yule aliyeondoka na pasi yetu ya nguo. Amekuja na begi moja na kompyuta, na kabla hajamaliza chai alikuwa ameshaziona funguo zinazoning'inia kiunoni mwangu. Nilimwona akizikodolea macho.

Miaka mitatu sasa nasimamia nyumba hii ya Mama Mkwe. Wapangaji watatu upande wa uani, sisi mbele, yeye chumba cha kona. Funguo zote ninazo mimi. Nikitembea zinalia, na watu wanajua msimamizi anapita.

Jioni Mama Mkwe akatuita wote wawili. Akasema mwanawe naye anahitaji shughuli. Jumapili atawauliza wapangaji wanamtaka nani, na watakayemtaja ndiye atakayeshika funguo. Yeye anataka nyumba tulivu tu, basi.

Nikacheka moyoni. Wapangaji wananipenda mno. Shemeji aanze kufungasha begi lake.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Siku njema kupita kiasi. Kompyuta ya Shemeji ina mchezo wa kujenga dola za kale. Yeye mfalme, mimi mfalme, tunapokezana zamu kwenye meza ya chakula. Nimegundua kipaji nilichonyimwa nafasi ya kukitumia maisha yangu yote.

Siri iko kwenye kodi. Kila mji unaupangia kiwango: chini, wastani, juu, kikatili. Ndivyo kilivyoandikwa kile cha mwisho, kikatili! Ili nisichanganye miji yangu nimeipa majina ya wapangaji. Mshonaji uko mtoni. Kinyozi uko bondeni. Trampeti, kwa heshima ya mzee wa chumba cha tatu anayepiga trampeti kwenye harusi, uko mlimani na una mgodi wa chuma.

Mke wangu akauliza kwa nini mfalme ana miji mitatu na hakuna hata mmoja wenye jina lake. Nikamjibu kwamba yeye ndiye dola nzima. Akaenda zake jikoni. Nadhani alifurahi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Shemeji ananizidi. Ana majeshi kama siafu. Nikamuuliza kwa upole anapata wapi hela za kuwalisha, akasema kikatili, kila mahali, tangu siku ya kwanza. Nikampuuza mbele yake, kisha alipokwenda kuoga nikaiga.

Hazina imefurika. Ila kila mji una kiuso kidogo cha raia pembeni, na viuso vyangu vimenuna. Kiuso cha Trampeti kimekuwa chekundu. Mfalme makini haendi kichwakichwa, kwa hiyo nikachukua karatasi nikaandika mipango yangu yote kwa kalamu nene.

Mchana nikatunga mpango mwingine wa kumzika Shemeji kabisa. Jumamosi tangi la maji litasafishwa, na maji hayatakuwepo tangu asubuhi. Msimamizi mwenye huruma anawatangazia watu mapema. Nikaandika tangazo zuri, lenye "ndugu wapendwa" mara mbili na "mjaze ndoo zenu" mara tatu. Karatasi nyingine sikuiona, nikatumia ile ile ya mipango, upande wa nyuma. Nikaibandika mlango wa uani kwa gundi ya kuunganishia viatu, isije ikapeperuka. Nilifanya haraka maana Shemeji alikuwa anaita, zamu yangu ilifika.

Jumapili nishike nini kama si funguo?

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Alfajiri, trampeti chini ya dirisha langu. Si wimbo. Sauti moja ndefu, halafu nyingine. Nikafungua dirisha nikamsalimia mzee shikamoo. Akavuta pumzi akaanza upya.

Nikaenda kwa Mshonaji kuchukua suruali yangu ya Jumapili. Dada yule ni mcheshi, lakini leo aliongea sindano zikiwa mdomoni. Akasema suruali ipo, itatoka siku atakayojua bado ana paa juu ya kichwa. Nikadhani mvua imemwingilia, nikamwahidi bati jipya.

Kinyozi ndiye kanishangaza zaidi. Alininyoa upande wa kushoto vizuri sana, kisha akaniuliza taratibu kama farasi nimeshawaandaa. Nikajua Shemeji amemsimulia mchezo. Nikafurahi kupata mtu wa kuongea naye mambo ya vita. Nikamwambia wako njiani, mia mbili, na nikihitaji nitaongeza.

Akazima mashine. Akasema upande wa pili nitanyolewa na hao farasi.

Nimevaa kofia. Nadhani watu wamechoka na joto.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimekwisha.

Nilimwaga maji ya tangi saa mbili asubuhi, nikiamini kila mtu ana ndoo zake. Kumbe hakuna aliyejaza hata kikombe. Mzee wa trampeti alitoka bafuni na povu mpaka masikioni. Na Shemeji, aliyejua vizuri kabisa kwamba maji yatakatika, akatokea na ndoo sita alizozificha chumbani, akawa anagawa huku akiita kila mtu ndugu mpendwa.

Mke wangu akanishika mkono, akanipeleka mbele ya mlango wa uani, akaniambia nisome. Nikasoma. Upande wa tangazo ndio uliopakwa gundi. Upande wa nje, kwa mwandiko wangu, kwa kalamu nene:

MSHONAJI: kodi juu. Ananung'unika ila bado anakamulika.
KINYOZI: kodi kikatili. Akileta fujo, farasi mia mbili.
TRAMPETI: kodi kikatili. Akiasi mwache aasi, kisha choma, pora, anza upya.

Nikamwambia mke wangu kwamba hiyo si kodi ya nyumba, ni kodi ya dola. Akasema watu wa uani wana kodi moja tu wanayoijua, na wanailipa kwangu.

Nimebandua kwa kisu mpaka jioni. Gundi ile ni nzuri, siwezi kuisema vibaya. Kingo zimetoka. Neno "kikatili" bado lipo mara mbili.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Kikao sebuleni kwa Mama Mkwe. Nilikaa na kofia yangu, na suruali ya mazoezi. Kinyozi akasoma mipango yangu kwa sauti, maana alikuwa ameikariri. Nikajitetea kwamba ni mchezo wa kompyuta. Wakacheka, lakini si kicheko kizuri. Nikamgeukia Shemeji anisaidie, na yeye, bila hata kupepesa macho, akasema hajawahi kuuona mchezo wa namna hiyo.

Nilikasirika. Nikakimbia nikaileta kompyuta, nikaiweka mapajani kwa Mama Mkwe. Miji ikatokea. Mshonaji, mtoni. Kinyozi, bondeni. Trampeti ulikuwa unafuka moshi, waasi wameuteka. Mzee akauliza kama waasi wanaendelea vizuri. Nikakiri kwamba wanaendelea vizuri sana. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu juzi, na Kinyozi akaanza kulalamika kwamba mji wake hauna hata bafu la umma. Nilijua nimepona.

Mama Mkwe akasogeza ramani kuelekea mashariki. Huko kulikuwa na dola ya Shemeji, jina lake kamili juu ya bendera. Na mji mkuu wake, wenye kiuso kilichonuna kuliko vyote, uliitwa Mama. Kodi: kikatili. Shemeji akasema aliuita hivyo kwa mapenzi. Mama Mkwe akavua miwani.

"Huyu anawakamua wapangaji," akasema, "na huyu ananikamua mimi. Binti yangu, chukua funguo."

Mke wangu akanyoosha mkono. Nikazifungua kiunoni mwenyewe. Nilihisi wepesi mbaya, na nusura nilie mbele ya watu. Akanong'ona kwamba hazihitaji kulia ndiyo watu wajue zipo.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Nyumba tulivu. Mke wangu anatembea na funguo mfukoni, husikii kitu. Kinyozi amenimalizia upande wa kulia. Shemeji ameondoka, na pasi mpya. Kompyuta imebaki kwa Mama Mkwe. Ameshusha kodi ya miji yote mpaka chini, anachimba visima, viuso vyote vinacheka, na ameiteka dola ya Shemeji bila kurusha mshale. Bahati ya anayeanza mchezo tu.

Mke wangu ameona nisikae bure. Amenikabidhi bomba la uani: nilifungue asubuhi, nilifunge jioni. Madaraka ni madaraka! Nimeshaandaa mgao wa maji kwa kila mpangaji, kwa viwango vinne: tele, wastani, haba, kikatili. Mzee wa trampeti nimemweka kikatili, kwa sababu ya ile alfajiri.

Nimeubandika kwenye mlango wa uani, kwa gundi ile ile. Mtu mwerevu hujifunza. Safari hii nimekagua mara mbili, na majina yote yametazama nje.