Toa Upepo Wote

Jumatatu, 3 Juni

Naogopa. Naandika hapa kwa sababu hakuna mtu wa kumwambia. Isitoshe jino la nyuma, chini kushoto, linanipigia ngoma tangu asubuhi.

Shemeji, mume wa dada yangu, ni daktari wa meno. Mtu mkubwa, mikono mikubwa, sauti ndogo. Hajawahi kunifokea hata siku moja, na hicho ndicho kinachonitisha. Jana alisafiri kwenda kwenye mkutano wa madaktari wenzake. Ijumaa asubuhi anarudi na kupitiliza kazini. Ijumaa mchana ananing'oa jino. Jumamosi anampakia dada kwenye pikipiki yake kubwa, ile ya safari ndefu yenye masanduku ubavuni na kiti cha kifahari kuliko kitanda changu, waende milimani kuadhimisha miaka ishirini na mitano ya ndoa. Ufunguo aliniachia mimi ninayeishi chumba cha uani. Agizo lake: kila siku washa, isikilize dakika kumi, zima. Kupanda hakukutajwa. Tuseme ukweli, kulitajwa. Alisema nisipande.

Nimepanda. Kosa ni la Profesa, jirani yetu, ambaye hajawahi kufundisha hata kuku. Jina limetokana na miwani. Alitangaza kinyozini, mbele ya watu, kwamba mtu wa kimo changu hawezi hata kuishikilia isianguke. Ningefanyaje? Nilikwenda vizuri hadi njia panda. Taa ikawa nyekundu. Nikavuta mkono wa klachi, ukaja mpaka kwenye usukani bila ubishi wowote, laini kama ndizi mbivu. Pikipiki haikusimama. Ilisogea yenyewe, taratibu, kuelekea mgongo wa mwanamke aliyekuwa akivuka na ndoo ya rangi. Nikazima injini nikiwa nimefumba macho. Kilo mia tatu na ushee nimezisukuma kwa miguu hadi nyumbani.

Jumanne, 4 Juni

Mimi ni karani wa masjala, kwa hiyo nina mahali pa kujificha. Nyuma ya kabati la mafaili nikampigia simu fundi pikipiki. Nikamwambia rafiki yangu ana tatizo. Akauliza kama rafiki huyo ni mimi. Nikakiri. Akanieleza kwamba klachi ya aina hiyo haivutwi kwa waya, inasukumwa na mafuta ndani ya bomba, na bila shaka imeingia upepo. Kisha akanipa dawa, nami nikaiandika neno kwa neno: "Toa upepo wote, mpaka uishe kabisa. Ukibaki hata kidogo, kazi bure." Simu ikakatika.

Nimeomba ruhusa kwa ajili ya jino, nikakimbia nyumbani. Nikaanza na tairi la mbele. Fyuuu! Likaisha. La nyuma lilikaidi, nikalikandamiza kwa bisibisi mpaka likakata roho. Nikavuta mkono wa klachi kwa matumaini. Laini vilevile! Na sasa pikipiki imekaa juu ya rimu, haiendi mbele wala hairudi nyuma.

Dada alichungulia bandani, akauliza mbona imekuwa fupi. Nikamwambia inapumzika. Akaitikia tu, maana akili yake yote iko safarini.

Jumatano, 5 Juni

Fundi amekuja mwenyewe saa nne. Ameyaona matairi. Amenitazama. Kisha amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kucheka mpaka akafuta machozi kwa kitambaa cha grisi. Kumbe upepo aliousema ni ule ulio kwenye bomba la klachi. Ningejuaje? Tangu nizaliwe, upepo wa chombo chenye magurudumu uko kwenye magurudumu!

Alipomaliza kuyajaza kwa pampu ya mkono, akafungua bamba la ubavu wa kushoto na kunionyesha unyevunyevu. Kuna mpira mdogo unaoziba pistoni ya klachi, umekwisha. Mafuta yanatoka, upepo unaingia. Akasema ingeharibika hata kama shemeji angeipanda mwenyewe. Moyo ukatulia kidogo. Mpira mpya unafika Ijumaa asubuhi, anaufunga kabla ya saa sita, anatoa upepo, shemeji hajui kitu. Sharti ni moja tu, nisiguse. Kwenye kifuniko cha kikopo cha mafuta ya klachi kilichoko juu ya usukani pameandikwa aina ya mafuta yanayotakiwa, na mengine yoyote ni sumu. Nikaapa.

Saa tisa dada akasema shemeji amepiga simu. Mkutano unaelekea kuisha mapema, huenda akarudi kesho. Kesho! Profesa, ambaye pua yake haibanduki juu ya ukuta wetu, akanishauri kwamba mafuta ni mafuta, mradi yateleze. Jikoni palikuwa na chupa ya mafuta ya kupikia. Nikajaza kikopo, nikawa navuta na kuachia mkono huku nikitazama mapovu yakipanda. Nilivuta mara mia mbili na zaidi, kiganja kikatoka malengelenge. Mkono wa klachi ukawa mgumu. Mgumu kabisa! Huyo fundi anajua nini?

Alhamisi, 6 Juni

Shemeji hakurudi. Anarudi kesho, kama ilivyopangwa tangu mwanzo.

Nikampigia fundi kumwambia asije, klachi imepona. Akasema klachi haiponi yenyewe, akauliza nimetia nini. Nikasema mtandao ni mbaya, nikakata. Akifungua kikopo atasikia harufu ya jikoni, na mafundi wana midomo.

Mchana nikaamua kuijaribu. Nikaiwasha mle mle bandani, nikavuta klachi, nikaweka gia ya kwanza, nikaushikilia mkono. Imetulia. Nikaanza kutabasamu. Ghafla, mkono ukiwa umeshikiliwa vilevile, ikapiga hatua moja yenyewe na kugonga rafu ya makopo ya rangi. Nilipouachia, mkono ukarudi nusu ukakwama.

Nimekaa sakafuni kati ya makopo. Najua barabara ya milimani. Kuna kona ambapo watu husimama kupisha malori, na upande mmoja hakuna kitu, ni hewa tu mpaka chini. Nikawaza shemeji na dada wamesimama pale, gia imeingia, na pikipiki inaamua kutembea.

Halafu dada akaja na glavu zake mpya, amezivaa. Ananizidi miaka kumi na minne. Mama alipofariki yeye ndiye aliyenibeba mgongoni, mpaka nikawa mzito na majirani wakamcheka. Akanigeuzia viganja niione ngozi. Akasema anaogopa kidogo, hajawahi kupanda mbali hivyo.

"Niambie ukweli, mdogo wangu. Iko salama?"

Nikasema salama. Chakula hakikupita, na si kwa sababu ya jino.

Ijumaa, 7 Juni

Shemeji amefika, amepitiliza kazini kwake moja kwa moja. Nimejikuta kwenye kile kiti kinacholala. Sindano ya ganzi imeingia. Ulimi umegeuka gogo. Kioo mdomoni, pamba mdomoni, taa usoni. Ndipo akauliza, kwa ile sauti yake ndogo, kama pikipiki iko tayari.

Nilikuwa nimeandaa jibu zuri sana. Nimeligeuzageuza tangu alfajiri: iko tayari, nimeisikiliza dakika kumi kila siku. Mdomo wazi namna ile huwezi kusema jibu refu. Ungetosha mguno. Mguno mmoja tu wa ndiyo! Nikaziona akilini zile glavu za dada. Nikamshika mkono wenye koleo.

Nikasema, "Kashi ina mahuha ya kuhika." Hakuelewa. Nikarudia. Akadhani naumia, akataka kuniongeza ganzi. Nikapapasa mpaka nikapata kalamu, nikaandika nyuma ya bahasha ya picha ya jino langu: Klachi ina mafuta ya kupikia. Niliipanda. Usimpakie dada.

Alisoma. Alisoma tena. Akaiweka bahasha chini taratibu, akasawazisha glavu zake za mpira kidole baada ya kidole. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Nikasema moyoni, sasa atayang'oa yote.

"Fungua zaidi," akasema.

Aling'oa moja tu, lile lile bovu. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko siku zote. Akanipa pamba ya kuuma, akaitia ile bahasha mfukoni.

Jumamosi, 8 Juni

Wameenda milimani kwa basi. Fundi ameifungua klachi: mipira yote, juu na chini, imevimba kama shavu langu. Itachukua wiki mbili. Ameniambia kwamba nisingemzuia, ule mpira mpya ungekuwa umeshafungwa tangu jana kabla ya saa sita.

Ufunguo wa pikipiki shemeji amemkabidhi Profesa. Profesa! Nimemwona akiuning'iniza kidoleni kinyozini.

Dada aliniaga kituoni. Alijua kila kitu, niliona machoni. Akanishika shavu lile lisilovimba na kusema ahsante. Nililia, nikasingizia ganzi. Kisha akaniachia ufunguo wa kigari chake, ili nikisogeze tu kivulini jua likizidi.

Jumapili, 9 Juni

Nimekisogeza kivulini. Kivuli kizuri kiko mbele ya kinyozi. Profesa alikuwepo, ameona.

Wakati wa kurudi, breki imekuwa laini. Inazama kidogo tu mguuni. Nilishtuka mwanzoni. Lakini safari hii si mjinga. Huo ni upepo, na sasa najua upepo wenyewe ni ule wa kwenye bomba, hivyo matairi sitayagusa. Fundi wa nini? Spana ninayo, na kwenye chupa ya jikoni yamebaki mafuta nusu.

Wanarudi Jumatano. Nimejitazama kwenye kioo na kuhesabu meno. Ishirini na tisa. Yanatosha.