Rangi Nyekundu kwa Ulimi wa Kamardine

Jumatatu, 6 Julai 1936. Mahajanga

Nimeamua. Shemeji yangu Kamardine atamwoza binti yake kwa kinywa chake mwenyewe, na atakayemwezesha ni mimi.

Tangu boriti imwangukie kichwani wakati wa mvua, akili anayo, mikono anayo, makabati anatengeneza kama zamani. Majina tu ndiyo yamemtoka. Akitaka nyundo, anaonyesha kwa kidole. Daktari alisema mazoezi. Basi, mazoezi.

Ndoa ni Ijumaa ya wiki ijayo. Bwana harusi, Chaïbou, anatoka Andoany, kisiwani Nosy Be. Kadhi kasema wazi: baba asipoweza kutamka, ataoza ndugu wa baba, yaani Mroivili. Huyo ameshalianika joho lake. Hayrat, bibi harusi, alilia, akasema aozwe na baba yake au basi. Kamardine alisikia yote. Alitoka nje, akaranda ubao mpaka ukawa mwembamba kama karatasi.

Nimeazima ubao wa herufi kwa mwalimu wa chuo cha Kurani. (Nyumbani tunasema Kingazija, sokoni Kimalagasi. Haya naandika kwa Kiswahili cha marehemu baba, ili Mroivili asiyasome.)

Jumanne, 7 Julai

Ubao umekataliwa. Kamardine aliutazama, akanitazama mimi, akautia chini ya birika la moto. Mke wangu Koultoum, ambaye ni dada yake, aliniuliza kama ningependa kufundishwa alifu na be nikiwa na mvi kidevuni. Nilimjibu kwamba ningeshukuru sana. Hakusadiki.

Lakini kweli, mtu mzima anataka vitu vya mtu mzima. Nimekata maboksi ya sukari, na kwa wino ninaopigia alama magunia ghalani nimechora vyombo vya useremala. Nachora vizuri. Mroivili alipita, akamsifu yule bata. Ilikuwa randa.

Alhamisi, 9 Julai

Kadi moja baada ya nyingine. Shemeji, hii nini? Kimya. Na hii? Kimya. Jasho likamtoka, akajipiga paja. Neno lilikuwa mlangoni na mlango haufunguki. Nilishindwa kumtazama.

Nikawaza: wino mweusi unahuzunisha. Nikaipaka randa rangi nyekundu, ile ya mashua, nikaiinua. Nilikuwa nimechoka. Nikamwambia aiangalie vizuri patasi hii.

Kamardine akasema, randa. Akasema tena kwa hasira, randa, wewe.

Nyekundu! Nilijua tu.

Jumamosi, 11 Julai

Zote sasa ni nyekundu. Asubuhi niliuliza kwa utaratibu, nikaambulia kimya. Rangi ilikuwa bado mbichi, nadhani.

Baada ya chakula nikawa nazipanga huku nazitaja. Nyundo nikaiita shoka, kekee nikaiita msumeno. Mimi ni mtu wa magunia, na hata huko ghalani hawajasahau shehena ya Nosy Be niliyoipigia alama ya Marseille. Kamardine aliacha kula, akanisahihisha kadi hadi kadi, kidole kikitikisika mbele ya pua yangu. Rangi imekauka, hiyo ndiyo siri.

Koultoum alikuwa mlangoni akipepeta mchele. Alisema kaka yake anasema pale ninapokosea, kwa hiyo niendelee kukosea kwa bidii. Nikamweleza kwamba elimu ya rangi ni pana. Akasema hana shaka, maana imenienea mpaka mgongoni mwa kanzu.

Jumanne, 14 Julai

Sikukuu ya Wafaransa. Ghala limefungwa, tarumbeta barabarani, na wageni wa Andoany wameshuka melini. Nimechora kadi mbili kubwa, ya Hayrat na ya Chaïbou. Chaïbou aliitazama yake, akaniuliza kwa adabu kama ndiye yeye au ndiye mbuzi wa karamu. Kijana mpole.

Nikamwonyesha Kamardine picha ya binti yake. Machozi yalimlengalenga, midomo ikamcheza, jina halikutoka. Hayrat mwenyewe alikuwa nyuma ya pazia, anangoja kuitwa. Hakuitwa.

Mroivili, ambaye hakualikwa, alitupa pole, kisha akauliza nani ana pasi ya mkaa.

Sikati tamaa. Nitaongeza rangi, mkono wa pili, na wa tatu Alhamisi.

Ijumaa, 17 Julai

Baada ya sala walikaa mkekani, baba na mkwe wameshikana mikono. Kadhi alimtamkia polepole. Kamardine akafuata: nimekuoza wewe. Akakwama hapo. Watu wakaanza kutazama mkeka. Mroivili akainuka, akaliweka sawa joho.

Nikatoa kadi ya Chaïbou. Kwa haraka niliishika miguu juu. Hakuna kitu. Nikanong'ona, na nasikia mnong'ono wangu ulifika barazani: Daoudou, shemeji, sema Daoudou.

Kamardine akanigeukia. Akasema Daoudou ni baba yake, mpumbavu wewe, huyu ni Chaïbou. Kisha, bila kuuachia mkono wala kuvuta pumzi: nimekuoza wewe, Chaïbou bin Daoudou, binti yangu Hayrat, kwa mahari tuliyopatana.

Hayrat. Alilitaja kama mtu anayeweka chini mzigo aliotoka nao mbali.

Chaïbou akaitikia kabla hajaulizwa. Vigelegele. Mroivili akaketi taratibu, juu ya kadi yangu niliyokuwa nimeiangusha mkekani. Mkono wa tatu wa rangi ulikuwa haujakauka. Joho sasa lina picha ya bwana harusi, na hapo watu wote walikiri kwamba inafanana naye.

Jumapili, 19 Julai

Mzee Daoudou ana mdogo wake huko Andoany, alianguka mnazini na majina yamemtoka vilevile. Ameniomba nifuatane nao kesho. Koultoum amenifungia mzigo, akanisihi nizitaje kadi kama ninavyozitaja siku zote. Mapenzi haya. Nimechukua makopo mawili ya rangi nyekundu.

Nimejichunguza kwa haki. Kosa langu lilikuwa moja: kumchanganya mgonjwa kwa majina yasiyo yake. Kwa hiyo nimeandika jina sahihi nyuma ya kila kadi na majina yote nimeyahifadhi kichwani. Nosy Be sitakosea hata moja.

Jioni nilimtajia Kamardine kadi zote, kwa mpangilio, bila kosa. Alikaa kimya mwanzo hadi mwisho. Ni kustaajabu, nadhani.