Kundi B Lakataa Kuugua

Kwa niaba ya Idara ya Uratibu wa Utafiti wa Ufukwe wa Ziwa, na kwa niaba yangu mimi Mathews Okinyi, Mratibu wake Mkuu, nawajulisha wakazi wa Kisumu na vitongoji vyake kwamba sayansi ilifika Kondele. Ilifika asubuhi, ikaegesha gari mbele ya kibanda cha chapati, ikaziba njia, na haikuomba radhi kwa sababu sayansi haiombi radhi.

Naeleza haya kwa kuwa kuna maneno mitaani. Watu wa Kondele wana midomo. Wanasema Idara iliaibika. Idara haikuaibika. Idara ilipata matokeo ambayo haikuyatarajia, na kwa mtu aliyesoma hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Utafiti wenyewe ulikuwa mzuri, nasema bila kujipendelea ingawa niliubuni mimi. Zamani tulikuwa na watafiti wa maji, watafiti wa elimu, watafiti wa afya na watafiti wa haki za raia, wote wakibisha mlango mmoja asubuhi moja, hadi mama mmoja akawauliza wanauza nini. Nikaona tuunganishe. Swali likawa moja tu: je, mtoto akinywa maji safi, ataacha kuumwa tumbo, aende shule, akue akijua haki zake? Wajuaji walisema jibu lilijulikana tangu enzi za babu zao. Niliwajibu kwamba babu zao hawakuwa na kundi la kulinganisha.

Na hapo ndipo palipokuwa na utamu wa kazi. Nyuma ya steji ya bodaboda kuna kichochoro. Wa upande wa kulia tuliwaita Kundi A, tukawawekea bomba la maji yaliyotiwa dawa. Wa upande wa kushoto tuliwaita Kundi B, tukawaachia kisima chao cha siku zote, kilichochimbwa karibu na vyoo kuliko wataalamu wanavyopenda. Kazi ya Kundi B ilikuwa kuendelea kuugua kama kawaida ili tofauti ionekane. Ni kazi ya heshima, na tuliwapa fulana.

Mwenye kibanda cha chapati, Jentrix Shitanda, alikuwa wa Kundi B. Binti yake Bridget alikuwa gredi ya sita, na mwaka huo kulikuwa na mtihani. Kwa upande wa sayansi Bridget alikuwa mshiriki wa kutegemewa. Kila wiki tumbo lilimshika, akakosa shule, nasi tukapata nukta mpya kwenye mchoro wa mahudhurio ya shule. Mama yake hakuyatazama mambo kwa upana huo. Alitaka mtoto anywe maji ya bomba lililokuwa hatua chache kutoka mlangoni pake, basi, kana kwamba utafiti ni kitu cha kuruka ukivuka kichochoro.

Kisha Kundi B likakataa kuugua.

Mwanzoni nilidhani mashine za maabara zimeharibika. Mchoro wa A ulipanda, na mchoro wa B nao ukapanda ukiufuata. Watoto wa B walijaa madarasani. Bridget alikuwa wa pili katika hesabu. Mimi nilikosa usingizi, kwa sababu wafadhili walikuwa wameahidiwa tofauti, na tofauti haikuwepo. Nikashuka Kondele mwenyewe na viatu vyangu vya ofisini, nikamkuta Wamaitha, muuza mboga wa Kundi A, ambaye watu humwita Mama Sheila, akimjazia Jentrix mtungi.

"Mama Sheila," nikamwambia, "unampa mshiriki wa Kundi B maji ya Kundi A?"

"Nampa jirani."

"Huyu ni mshiriki."

"Bwana Mkubwa, akiwa kwako ofisini ni mshiriki. Hapa kwangu ni Mama Bridget. Mwaka jana nikilazwa nani alinilindia mboga? Ni wewe?"

Mratibu Mkuu habishani na mboga. Nilirudi ofisini Milimani nikaandika Waraka wa Ujirani, ambao kwa lugha nyepesi ulikataza mtu wa A kumpa mtu wa B maji. Mwenyekiti wetu, Profesa Kangethe, aliupitia akatia neno moja tu. Alisema sisi si wanyama. Hakuna jamii kwenye ufukwe huu inayomnyima mgeni maji. Kwa hiyo tukaongeza: isipokuwa mgeni.

Kesho yake upande wote wa kushoto ulikuwa wageni. Tangu alfajiri ni hodi, hodi, karibu, karibu. Walikuja wamevaa nguo za kanisani, wakauliza habari za nyumbani, wakaketi kidogo kama ada inavyotaka, wakapewa maji. Nilimsimamisha Jentrix njiani.

"Mgeni gani huja na mtungi wa lita ishirini?"

"Mgeni mwenye kiu, Mzee."

"Na huo mwingine?"

"Huo ni wa mtoto. Si nimemwacha nyumbani."

Nina hasira za karibu, hilo silifichi. Lakini mimi ni mtu wa taratibu, na utaratibu ulikuwepo tayari katika lugha yetu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nikauingiza kwenye waraka neno kwa neno. Nilijua hakuna mtu wa mjini atakayelima kwa ajili ya maji. Siku ya tatu Mama Sheila akawapa wageni wake majembe, wakacheka, wakauzibua mtaro wote wa maji machafu uliokuwa umeziba tangu mvua za mwaka juzi, kisha wakanywa. Mbu wakapungua. Mwenzangu wa utafiti wa malaria alikuja ofisini kwangu akalia, maana mbu wale alikuwa bado hajawamaliza kuwahesabu.

Ndipo nikaajiri Afisa wa Usafi wa Data. Aliitwa Wafula, kijana mkimya, mlokole, asiyejua kupinda. Nilimpa kufuli la bomba, funguo na kiti cha plastiki. Mtu wa A akija, Wafula anafungua, anamsindikiza hadi jikoni, anahakikisha maji yamebaki humo. Mama Sheila alijaribu kumlainisha kwa chai na kwa maandiko, akashindwa kwa vyote viwili. Kijana alisema agizo ni agizo.

Mambo yakanyooka. Mchoro wa B ukaanza kushuka vizuri, mstari mzuri wa kupendeza, na wafadhili wakaandika kusema watakuja kuuona kwa macho yao. Profesa Kangethe akanipigia makofi kwenye mkutano. Watu wachache wanajua raha ya mstari unaoshuka pale ulipotaka ushuke.

Jentrix alikuja ofisini wiki hiyo. Alikuja moja kwa moja Milimani, mikono bado ina unga, akapita mapokezi kama hayapo.

"Mtoto wangu hainuki," akasema. "Anatapika tangu jana. Mtihani ni mwezi ujao."

"Pole sana. Dalili zimeshanakiliwa?"

"Vijana wako walikuja wakaandika. Nikawaomba dawa, wakasema wao ni wa kuandika tu."

"Wamefanya sawasawa."

"Nataka kutoka kwa hii kitu yenu."

Nilifurahi, kwa kweli, maana ombi hilo linaonyesha raia anayezijua haki zake. Nilimwekea kiti. Nikamweleza kwamba haki ya kujitoa ipo, imelindwa, na inaheshimiwa. Ila tulipoanza tuliona kumwomba kila mtu ridhaa yake kutawachosha wananchi, basi kila kundi likapewa Mlezi. Mlezi akikubali, kundi limekubali. Mlezi akijitoa, kundi limejitoa. Mlezi wa Kundi B alikuwa Mzee Ooko, aliyekubali kwa niaba ya wote siku ya uzinduzi.

"Mzee Ooko alirudi kwao Seme," Jentrix akasema. "Alisema maji ya hapa yatamuua."

"Nasikia hivyo."

"Sasa nani atatutoa?"

"Kwa sasa, hakuna."

Nilitegemea matusi, na nilikuwa nimejiandaa kuyasamehe. Badala yake akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza bei, "Na Mlezi akitaka kujitoa anafanya aje? Anaandika barua?"

"Hakuna haja ya barua. Akikataa maji ya kundi lake hadharani, amejitoa."

"Basi tupatie Mlezi mwingine, Mzee. Hatuwezi kukaa kama mayatima. Na wageni wanakuja. Tupe mtu mkubwa, mwenye jina."

Niliona ni ombi la busara. Nililipeleka kwa Profesa Kangethe, na Profesa, ambaye hajawahi kukataa cheo chenye shada la maua, akasema amekubali kwa unyenyekevu mkubwa. Nilimwambia Jentrix, naye akasema asante mara nyingi kuliko kawaida yake. Sikulitilia maanani.

Siku ya wafadhili jua lilikuwa kali. Tuliweka hema upande wa kushoto, mbele ya kisima, ili Kundi B lionekane nyuma yetu kwenye picha. Kwa agizo langu maji ya chupa yalikuwa marufuku ndani ya eneo la utafiti, maana chupa moja ikiangukia mikono isiyo yake takwimu zinaharibika. Profesa akavikwa shada, akavikwa fulana ya B juu ya tai, akatangazwa Mlezi. Akahutubia. Alizungumzia maji, afya, elimu na haki za raia, akarudi kwenye maji, na tangu hapo koo likaanza kumkauka. Jasho lilimshuka hadi kwenye shada.

"Naomba maji kidogo," akasema, na kipaza sauti kikasema pamoja naye.

Wafula akasimama kando ya bomba lake, ng'ambo ya kichochoro. Nilimpa ishara. Akatikisa kichwa.

"Profesa ni wa B, mkubwa," akaniita kwa heshima. "Amevaa fulana."

Kabla sijafika kumfundisha kazi, Jentrix alikuwa mbele ya hema na sinia, juu yake glasi moja safi. Bridget alikuwa pembeni, kwenye mkeka, ameegemea magoti ya Mama Sheila, macho yameingia ndani. Maji ya kisima yalikuwa na rangi ya chai ya mkahawa. Jentrix akapiga goti kidogo, kama anavyostahili mkubwa.

"Karibu, Mlezi wetu. Haya ndiyo ya nyumbani."

Profesa akaichukua glasi. Kamera za wafadhili zikasogea. Watu wa upande wa kushoto wakakaribia, na wa kulia nao wakakaribia, hata waendesha bodaboda wakazima pikipiki zao. Profesa akaitazama glasi, akamtazama Bridget, kisha akanitazama mimi. Nilimnong'oneza anywe kidogo tu, kwa ajili ya mstari. Akaniuliza kwa midomo bila sauti kama nimerukwa na akili. Akairudisha glasi kwenye sinia.

"Hapana, asante, mama," akasema. "Mimi siwezi kunywa hii."

Kipaza sauti kilikuwa bado kimewaka.

Jentrix akasimama wima. "Wote mmesikia? Mlezi amekataa."

Wakaitikia wamesikia. Mmoja wa wafadhili akaniuliza maana yake ni nini, na kwa kuwa kanuni niliiandika mwenyewe nikalazimika kumfasiria. Wafula hakungoja nimalize: Kundi B halipo tena, basi hakuna wa kuzuiwa. Ni kijana asiyejua kupinda, nimeshasema. Alilifungua bomba, akalitupa kufuli kwenye mtaro, na upande wote wa kushoto ukavuka kichochoro na mitungi yake. Wa kwanza kunywa alikuwa Bridget. Mama Sheila alimshikia kikombe, akamkataza kunywa kwa pupa.

Katika ripoti nimeandika kwamba Kundi B lilisambaratika kwa sababu za kiutawala. Wafadhili wameandika yao, sijaisoma, naambiwa ni fupi.

Profesa Kangethe alivua fulana kwa shida kwa sababu ya shada, akavuka naye, koo limemkauka hata hawezi kunikaripia. Alitaka kupita mbele. Foleni ilikuwa ndefu, ya akina mama na mitungi, na hakuna aliyesogea.

"Mzee, panga laini," Jentrix akamwambia. "Huku kila mtu ni wa kundi moja."

Akaenda nyuma, akapanga, na mimi nikasimama nyuma yake.